Mwenendo wa mauzo ya leseni za uvuvi wa burudani: unapima nini hasa?

Uvuvi wa burudani ni ule ambao mtu huvua kwa kujifurahisha au kwa kitoweo chake mwenyewe, bila kuuza samaki anaowapata, na katika nchi nyingi mvuvi wa aina hii hutakiwa kukata leseni kabla ya kutosa ndoana majini. Mwenendo wa mauzo ni jinsi idadi ya leseni hizo inavyopanda, kushuka au kutulia mwaka hadi mwaka. Takwimu hizi hupatikana kwa urahisi, kwa kuwa kila leseni huacha kumbukumbu; tatizo ni kwamba wengi huzisoma kana kwamba ni hesabu ya wavuvi.

Mtalii anayekata leseni ya siku moja mara tatu huongeza leseni tatu kwenye mauzo, ilhali mwenye leseni ya maisha haonekani tena humo hata akivua kila wiki. Wapo pia wanaosamehewa: katika majimbo mengi ya Marekani, walio chini ya umri wa miaka 16 hawahitaji leseni, na baadhi ya majimbo huwasamehe wazee. Kwa hiyo mauzo yanaweza kupungua kwa sababu tu wanunuzi wamezeeka, bila hata mmoja wao kuacha kuvua.

Kanuni nazo hubadilika. Uingereza na Wales, tangu Aprili 2017, leseni ya mwaka hudumu miezi 12 kuanzia siku ilipoanza kutumika badala ya kwisha tarehe 31 Machi, na wenye umri wa miaka 13 hadi 16 huipata bure. Anayelinganisha miaka ya kabla na baada ya hapo hana budi kulizingatia hilo.

Jambo linalofichika zaidi, na kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote, ni kupishana kwa wanunuzi. Jumla inaweza kutulia kwa miaka kadhaa, kumbe sehemu kubwa ya walionunua mwaka jana hawakurudi, na nafasi zao zimejazwa na wapya au na waliokuwa wamepumzika. Ndiyo maana ongezeko la mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, lilihitaji kusomwa kwa tahadhari: majimbo mengi ya Marekani yaliuza leseni nyingi kuliko kawaida (hata Washington, ambako uvuvi wa burudani ulifungwa tangu mwishoni mwa Machi hadi Mei 5, watu walirejea majini), lakini mnunuzi wa mara ya kwanza ndiye mwepesi zaidi wa kutorudi.

Nchini Marekani idadi hii hugusa fedha moja kwa moja. Chini ya sheria ya Dingell-Johnson ya mwaka 1950, ushuru unaotozwa vifaa vya uvuvi hugawiwa majimbo, asilimia 60 kwa kufuata idadi ya wavuvi waliolipia leseni, kila mtu akihesabiwa mara moja tu, na asilimia 40 kwa kufuata eneo la nchi kavu na maji. Jimbo linalopandisha bei linaweza basi kuongeza mapato yake ya leseni na papo hapo kupunguziwa mgawo, iwapo wanunuzi watapungua. Athari hiyo hukomea kwenye mipaka ya sheria yenyewe, ambayo hairuhusu jimbo lolote kupata zaidi ya asilimia 5 wala chini ya asilimia 1.