Wapiti kwenye lusini: uwindaji wa kuzuia uharibifu Montana

Ifikapo mwishoni mwa Agosti, nyasi za milimani katika jimbo la Montana, Marekani, huwa zimekauka na kugeuka rangi ya mchanga, ilhali mashamba ya lusini, majani ya kulishia mifugo, yanayomwagiliwa maji kule mabondeni bado yamenawiri. Wapiti huiona tofauti hiyo mapema kuliko mtu yeyote. Hushuka jioni wakiwa kundi zima, hula usiku kucha, na kabla ya mapambazuko wanakuwa wamekwisha kupanda tena msituni, wakimwachia mwenye ranchi waya wa seng'enge uliolala chini na majani yaliyokanyagwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kumwona, wapiti ni mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, mkubwa kuliko tandala: jike huwa na kilo 225 hivi na dume aliyekomaa hupita kilo 300. Jike mmoja hula takriban kilo 7 hadi 9 za majani makavu kwa siku, kwa hiyo kundi la wapiti 200, ambalo si kubwa kwa huku, linaweza kumaliza zaidi ya tani moja na nusu kila siku. Majira ya baridi hasara huhamia kwenye marobota ya hei, yaani majani yaliyokaushwa, yaliyowekwa akiba, kwa sababu yale wasiyoyala huyakojolea, na ng'ombe huyakataa.

Kazi yangu ni ikolojia ya malisho, na kwa misimu kadhaa nimeshiriki uwindaji huu nikiwa na leseni kama mwindaji mwingine yeyote. Naandika kwa sababu ndugu zangu wa Tanzania huniuliza swali lilelile: je, serikali haimlipi mkulima? Montana hailipi. Hakuna kitu kinachofanana na kifuta jasho, fedha ambazo serikali ya Tanzania humpa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Mwenye ranchi huiarifu idara ya wanyamapori ya jimbo, ofisa huja kulikagua shamba, kisha msaada hutolewa kwa vitendo: kuwafukuza wanyama, baruti za kuwatisha, uzio mrefu wa kuzungushia marobota, au wawindaji. Sharti ni moja, nalo ndilo kiini cha mambo: ranchi hiyo iwe inaruhusu wananchi kuwinda humo katika msimu wa kawaida. Aliyefunga geti lake Oktoba na Novemba hawezi kudai msaada Januari.

Wawindaji nao hawajichagui. Tunajiandikisha kati ya tarehe 15 Juni na 15 Julai, kompyuta huyapanga majina kwa bahati nasibu, na ukiitwa huenda ukapewa siku chache tu za kujiandaa. Mbali na utaratibu huo, tangu 2016 wilaya kadhaa za uwindaji zimekuwa na msimu wa nyongeza unaoweza kuanza tarehe 15 Agosti na kuendelea hadi tarehe 15 Februari, hasa katika ardhi ya watu binafsi. Katika njia zote mbili kinachotafutwa kwa kawaida ni jike. Dume mmoja hupanda majike wengi, hivyo kuua madume hakupunguzi idadi ya ndama watakaozaliwa mwakani. Na tena ni majike wakongwe wanaoliongoza kundi na kujua njia ya kuelekea shambani. Wako wawindaji wanaokataa kwenda Februari kwa kuwa majike wana mimba, nami siwalaumu, ingawa kwa hesabu ya idadi jike aliyeuawa Septemba na aliyeuawa Februari ni sawa.

Wengi hudhani kwamba tukiitwa kwenye shamba moja tunakwenda kupunguza idadi. Wawindaji wanne wakiua wapiti wanne katika kundi la 200, hesabu haijabadilika. Kilichobadilika ni hofu. Wapiti hujifunza haraka mahali penye bunduki na mahali pasipo nayo, na ndiyo maana msimu wa kawaida ukifunguliwa, wengi hutoka katika ardhi ya umma na kukimbilia ranchi zisizoruhusu uwindaji. Sisi tunajaribu kuigeuza hofu hiyo iwe upande wa lusini. Kwa maoni yangu, risasi mbili zilizopigwa wiki ya kwanza kundi liliposhuka zina faida kuliko ishirini zinazopigwa baada ya mwezi mzima, kundi likishazoea.

Asubuhi ya mwisho niliyoshiriki tulikuwa watatu. Ofisa alituonyesha mahali pa kuegesha magari, kisha pande tatu ambazo hatukuruhusiwa kuelekeza mtutu: nyumba, ng'ombe, na mtambo wa kunyunyizia maji. Nililala ukingoni mwa mfereji nimevaa fulana ya rangi ya chungwa kali, ambayo sheria inaitaka. Sheria inaruhusu kupiga risasi kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na naamini wapiti wa pale wanaijua saa hiyo, kwani kundi la kama 60 lilikuwa tayari linaelekea kwenye uzio. Jike mmoja alisimama ubavu, mita 150 hivi. Kidole kilikuwa tayari, lakini chini ya tumbo lake niliona miguu minne zaidi. Risasi ya bunduki kubwa huweza kumpita mnyama wa kwanza na kumjeruhi wa pili, na katika kundi lililosongamana hilo ni kosa rahisi kulifanya. Nilisubiri. Alipojitenga hatua tatu, nikapiga.

Kazi halisi ilianzia hapo. Agosti saa nne asubuhi jua ni kali, na nyama ya wapiti huanza kuharibika ndani, penye mfupa wa paja, wakati kwa nje bado inaonekana safi. Ngozi hutolewa mara moja, mzoga hugawanywa vipande vinne, navyo hutundikwa kivulini ndani ya mifuko ya kitambaa. Mimi huvaa glavu, kwa sababu baadhi ya wapiti wa maeneo yanayozunguka hifadhi ya taifa ya Yellowstone wana brusela, ugonjwa wa kutupa mimba ambao wenye ng'ombe wa huku wanauogopa kuliko hasara ya lusini. Nilipata kama kilo 75 za nyama isiyo na mfupa, nusu yake nikampa mwenzangu aliyerudi mikono mitupu.

Kundi lilikimbilia mlimani, kama tulivyotaka, na kwa siku tano lusini ilipumzika. Siku ya sita mwenye ranchi alinipigia simu: wamerudi, ila sasa mchana wanalala kwa jirani ambaye geti lake halijawahi kufunguliwa kwa mwindaji, na usiku wanavuka uzio kuja kula kwake.