Friza haiui wadudu jamani, inawalaza tu

Wiki hii peke yake nimekutana na watu watatu wameharisha mpaka wameishiwa nguvu, nawauliza mlikula nini, kuku, alitolewa friza saa ngapi, "asubuhi naenda kazini, nikamweka kwenye sinki, nimerudi saa 12 jioni nikamkaanga." Nikisema shida iko hapo naangaliwa kama nimetukana mtu. "Lakini si alikuwa ameganda? Barafu si inaua wadudu?"

Haiui. Friza ya nyumbani ikiwa nzima inakaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapo bakteria hawazaliani ila wengi wao hawafi, wamelala, siku ukiwapa joto wanaamka wanaendelea walipoishia. Salmonella, bakteria wa kuharisha, aliyekuwa kwenye ngozi ya kuku siku unamnunua anaweza kuwa yupo palepale miezi mitatu baadaye anakusubiri. Wanaokufa kwa barafu ni minyoo baadhi, tena mpaka ikae siku kadhaa.

Halafu kuku hayeyuki sawasawa, anaanzia nje anaenda ndani. Siku moja nilichoka kubishana na shemeji yangu, nikachukua kuku mzima wa broila nikamweka kwenye sinki asubuhi na kipimajoto pembeni, kwenye jiko letu la Dar lenye joto lile mnalolijua. Saa 8 mchana bawa lilikuwa nyuzi 22, ndani tumboni bado kuna barafu ya kugonga. Shemeji akabonyeza kifua akasema "bado huyu, muache." Ndio kosa lenyewe hilo! Mnapima kwa kifua wakati bawa na ngozi ziko kwenye joto la bakteria, yaani kati ya nyuzi 5 na 60, masaa kibao, na wakipata joto zuri kuna wanaojizidisha mara mbili kila dakika 20. Nyama mbichi nje ya friji mwisho masaa 2, na jiko likizidi nyuzi 32 ni lisaa 1 tu.

"Si nitapika, watakufa?" Salmonella atakufa ndiyo, ndani pakifika nyuzi 74. Ila kuna bakteria mwingine, staphylococcus, huyu anatoka mikononi na puani mwetu wenyewe, akishazaliana anaacha sumu ambayo hata uchemshe haiondoki. Na yale maji mekundu yaliyochuruzika kwenye sinki? Humohumo ndio mnakuja kuoshea nyanya za kachumbari, na kachumbari haipikwi.

Sasa fanya hivi. Usiku mtoe friza muweke kwenye friji, shelfu ya chini kabisa, ndani ya bakuli lenye kina asichuruzike kwenye vingine, kuku mzima mpe siku moja hadi mbili. Umesahau? Funga kwenye mfuko usiovuja, zamisha kwenye maji ya baridi, badilisha maji kila nusu saa, nusu kilo inachukua kama lisaa, ikiyeyuka pika hapohapo. Na nyama ya vipande vya mchuzi wala huhitaji kuyeyusha, tupia kwenye sufuria ikiwa imeganda, ongeza kama nusu ya muda wa kawaida. Ila ushauri wangu ambao nishakuwa kero kwa kuurudia: ukitoka buchani kata, gawa mlo mmojammoja, bapaza mfuko uwe kama chapati ndio ugandishe. Hakuna sababu ya kugandisha bonge la kilo 3 halafu unakuja kulipiga na mchi.

Kuyeyushia kwenye maji ya moto? Ni kosa lilelile la sinki ila kwa haraka, nje inaanza kuiva ndani jiwe.

Kurudisha friza nyama iliyoyeyuka: kama iliyeyukia kwenye friji rudisha tu, itapoteza maji na utamu kidogo. Iliyolala kwenye sinki usirudishe.

Umeme kukatika masaa matatu sio sababu ya kutupa chakula. Friza iliyojaa isipofunguliwa inashika baridi kama masaa 48, ya nusu 24, ila nyie mnafungua kila nusu saa kuchungulia kama imeyeyuka.

Samaki, hasa vibua na jodari, wakishalala juani sokoni wanatengeneza sumu inayoitwa histamini, unakula uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, na hiyo haitolewi na friza wala mafuta ya moto. Nunua wabichi kweli, toa matumbo, gandisha siku hiyohiyo.

Eti mboga haziwekwi friza. Mchicha na njegere zipitishe maji yanayochemka dakika 1 au 2, zitumbukize kwenye maji ya barafu, chuja, gandisha, bila hivyo zinabadilika rangi na ladha humohumo ndani. Maharage yaliyochemshwa yanakaa vizuri mno, acha nafasi juu ya kopo maana maji yakiganda yanavimba. Tui nalo linafaa, likijitenga koroga. Nyanya za kupikia weka nzimanzima, ganda linavuka lenyewe. Matango sahau, na viazi vya kuchemsha vinakuwa majimaji kama sponji. Sambusa mbichi gandisha zikiwa zimeachana kwenye sinia kwanza ndio uziweke kwenye mfuko, siku ya kukaanga usiziyeyushe kabisa, moto wa wastani, zitumbukize hivyohivyo, ukiziyeyusha manda inalowa zinafumukia kwenye karai.