Jibu la kwanza halina baraka: dhana potofu kuhusu mitihani ya CLEP

Wiki hii nimeambiwa tena, na wanafunzi wawili ninaowaandaa kwa CLEP, ile mitihani ya College Board ya kupatia krediti za chuo Marekani bila kukaa darasani: "Mwalimu, jibu la kwanza haliguswi," yaani ukishachagua usibadilishe. Nimechoka kulisikia.

Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha walichokiona kwenye karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakifuatilia alama za ufutio. Kati ya majibu yaliyobadilishwa, yaliyotoka kwenye kosa yakawa sahihi yalikuwa 51%. Yaliyotoka kwenye usahihi yakaharibika, 25%. Imani haifi kwa sababu ukibadilisha ukakosa, inakuuma mwaka mzima. Ukibadilisha ukapata, umeshasahau kabla hujafika nyumbani.

Kwenye mazoezi, swali la uchumi liliuliza: bei ya kahawa ikipanda, nini hutokea? Mmoja wao akabofya haraka "mahitaji ya kahawa hupungua". Mistari miwili chini palikuwa na "kiasi cha kahawa kinachohitajiwa hupungua". Tofauti anaijua, juzi tu alinichorea mwenyewe kwamba bei ikibadilika unatembea juu ya mstari uleule wa mahitaji kwenye grafu, yaani kiasi ndicho hubadilika; mstari wenyewe, yaani mahitaji, hauhami. Akaliona, akasita, akaliacha, eti la kwanza haliguswi. Swali likapotea mikononi mwa mtu anayelijua!

Kompyuta ya mtihani inakuruhusu kuweka alama kwenye swali ulirudie. Mitihani mingi ni dakika 90. Mimi husisitiza ubakize 15 za kurudia. Badilisha ukiwa na sababu unayoweza kuitaja, kama neno "isipokuwa" uliloliruka. Woga si sababu.

Mengine ni ya haraka. Eti ukibahatisha unakatwa alama: hukatwi, kwa hiyo usiache swali tupu. Eti ukikwama chagua C: hapana, futa kwanza yale unayojua si yenyewe, ndipo ubahatishe kwenye yaliyobaki. Eti alama 50 ni nusu ya maswali: kipimo chenyewe ni cha 20 hadi 80, na idadi ya uliyopata hubadilishwa kuingia humo. Eti ukifeli unarudia wiki ijayo: mtihani uleule unasubiri miezi 3. Na eti kila chuo kinapokea: kila chuo kina sera yake, hata ya alama. Piga simu ofisi ya msajili kabla hujalipia.