Ugawaji wa Wateja Watarajiwa kwa Zamu: Maana na Mipaka Yake

Ugawaji wa wateja watarajiwa kwa zamu ni utaratibu ambao kila anayeulizia bidhaa au huduma, iwe kwa simu, kwa WhatsApp au kwa kujaza fomu kwenye tovuti, hukabidhiwa ofisa mauzo anayefuata kwenye orodha, na orodha ikiisha huanza upya. Mteja mtarajiwa bado hajanunua kitu. Amejitokeza tu, na kamisheni ya ofisa hutegemea ni wangapi kati ya hao atawafikisha kwenye malipo.

Zamu inafanana na mchezo wa upatu kwa kuwa kila mmoja anajua atafikiwa, isipokuwa katika upatu fungu ni lilelile kwa wote. Tuchukue ofisi inayouza viwanja, yenye maofisa 4 na waulizaji 40 kwa mwezi. Kila ofisa atapata 10, lakini mmoja anaweza kuangukiwa na watu wanaouliza bei na kupotea, huku mwenzake akipata SACCOS inayotafutia wanachama wake viwanja 15. Meneja anayehesabu vichwa pekee amefanya nusu ya kazi. Nafuu ni kuwa na orodha mbili, moja ya maombi makubwa na nyingine ya madogo, kila moja ikiwa na zamu yake. Wapo pia wanaompa mzoefu wateja wawili kwa kila mmoja wa mgeni kazini. Hilo si upendeleo, mradi kigezo kimetangazwa mapema na mgeni anajua lini atapandishwa.

Haki ya maofisa, hata hivyo, isimcheleweshe mteja. Utafiti uliochapishwa na Harvard Business Review mwaka 2011 ulionyesha kuwa kampuni zilizomtafuta muulizaji ndani ya saa 1 zilikuwa na uwezekano wa karibu mara 7 wa kuzungumza kwa maana na mwenye uamuzi, zikilinganishwa na zilizochelewa hata kwa saa 1 zaidi. Kwa hiyo aliye likizo huondolewa kwenye orodha, na asiyepiga simu ndani ya muda uliowekwa hupoteza zamu kwa anayefuata. Aliyepewa namba isiyopatikana hurudishiwa zamu yake, na mteja wa zamani anayerejea huenda kwa ofisa aliyemhudumia mwanzo, bila kuhesabiwa kuwa zamu mpya.