Si kweli kwamba wafanyakazi ndio wanaokwamisha mabadiliko

Mameneja wengi huamini kwamba mabadiliko hukwama kwa sababu wafanyakazi ni wagumu kubadilika, hivyo dawa ni semina na kuwaondoa wabishi. Kiwanda cha magari cha Fremont, California, kinaonyesha vingine. Kampuni ya Kimarekani ya General Motors ilikifunga mwaka 1982, kikiwa kimejulikana kwa migomo na utoro kazini. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale. Ubora wa magari ukapanda haraka.

Kilichobadilika ni namna wakubwa walivyopokea tatizo. Juu ya mstari wa kuunganisha magari palikuwa na kamba. Fundi akiona kasoro anavuta kamba, kiongozi wa timu anafika papo hapo. Wakiitatua kabla gari halijavuka kituo chao, kazi inaendelea; wasipoitatua, mstari unasimama. Na aliyevuta hagombezwi. Hapa ndipo penye uzito wote: mkaripie mtu mmoja tu mbele ya wenzake, na kamba haitavutwa tena, hata ukibandika mabango ya "toa maoni" ukuta mzima.

Kulitumia somo hili ofisini au dukani, anza na jaribio dogo: badiliko moja, tawi moja, wiki mbili. Kabla ya kuanza, andika hali ilivyo, mathalani dakika anazosubiri mteja. La sivyo mtabishana kwa hisia. Kubalianeni mapema ni matokeo gani yatawafanya muache jaribio. Jaribio likishindwa, meneja alitangaze mwenyewe na kueleza kilichojulikana.