valueOf haitafuti kwa thamani

Juzi ofisini, hapa Kijenge, nimelisikia tena: "Kaka, valueOf imeharibika. Naipa 022 inipe Dar es Salaam, inanirushia kosa." Haijaharibika, mdogo wangu. valueOf ni njia (method) ya enamu kwenye lugha ya programu ya Java, na hiyo kazi haijawahi kuwa yake.

Maana kwanza, haraka. Enamu ni aina ya data ambayo wanachama wake wote wanajulikana tangu programu inaandikwa: siku za wiki, mikoa, hali za oda. Kila mwanachama ana jina, na anaweza kubebeshwa thamani. Kwa mfano DODOMA tumbebeshe 026, namba ya mwanzo ya simu za mezani za huko. Kutafuta kwa thamani ni kuingia na 026 mkononi na kutoka na DODOMA. Basi.

Kinachowapoteza watu ni maneno yenyewe. Jina enamu lina asili ya Kilatini, enumerare: kuhesabu kimoja kimoja mpaka vyote vitoke, kama mama wa soko la Kilombero anavyotoa maparachichi kapuni. Uzito uko kwenye "vyote", si kwenye namba. Ila lugha ya C ilizifanya enamu kuwa namba tu, na waliojifunzia huko wakabaki na imani kwamba ndani ya kila enamu kuna namba imejificha. Java ilipoleta enamu kwenye toleo la 5, mwaka 2004, kila mwanachama akawa kitu kamili. Namba iliyobaki, ordinal, ni nafasi yake kwenye foleni na hakuna zaidi. Ukiitunza hiyo kwenye hifadhidata, utajuta. Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016, aliyeuchomeka kialfabeti kati ya Singida na Tabora aliwasogeza wote wa nyuma: kumbukumbu za Tabora zikasomeka Songwe, za Tanga zikasomeka Tabora.

Halafu kuna hilo "value". Sisi tunalitafsiri "thamani", neno tulilolipata kwa Waarabu, kwao thaman ni bei. Kwa hiyo sikio la Mswahili linasikia kibandiko cha bei kilichoning'inizwa kwa mwanachama, na linadhani valueOf inasoma kibandiko. Kwenye Java, value hapo ni mwanachama mwenyewe. Unaipa jina, inakupa mwenye jina. "DODOMA" inakubaliwa, "026" inarushiwa IllegalArgumentException, na hata "dodoma" kwa herufi ndogo inagomewa. Ndugu yake values nayo inarudisha wanachama, wala si vibandiko vyao.

Kwa hiyo kwenye Java unajitengenezea: unapita wanachama wote mara moja, unawapanga kwenye ramani (Map, jedwali la kutafutia) ambayo ufunguo ni thamani. Usijaribu kuijaza ramani hiyo ndani ya konstrakta ya enamu, yaani msimbo unaomuunda kila mwanachama. Wanachama huundwa kabla ya ramani kuwepo, na kompaila, inayotafsiri msimbo wako, itakukatalia. Kwenye lugha ya Python walilimaliza kwa alama: Mkoa("026") kwa mabano ya duara hutafuta kwa thamani, Mkoa["DODOMA"] kwa mabano ya mraba hutafuta kwa jina. Lugha ya PHP, toleo la 8.1, inazo from na tryFrom. Ya kwanza hurusha kosa isipopata, ya pili hurudisha null, yaani hakuna kitu.

Lakini kuna swali watu hawaliulizi: thamani hiyo ni ya mtu mmoja? Arusha ni 027. Kilimanjaro ni 027. Tanga na Manyara, 027. Kwenye ramani ya kawaida ya Java, anayewekwa mwisho anawafuta wenzake kimyakimya. Python ni kali zaidi: ukiandika ARUSHA kisha KILIMANJARO kwa thamani ileile, KILIMANJARO anakuwa jina la pili la ARUSHA, mwanachama yuleyule. Jaribu kumweleza hilo mtu wa Moshi. Ukitaka Python ikatae mapema, weka unique juu ya enamu.

Kijana wetu tulimrekebishia pale pale. Njia aliyoiandika tukaiita kwaNambaYaSimu, na kwa sababu ya hiyo 027 inarudisha orodha ya mikoa, si mkoa mmoja. valueOf tumeiacha ilivyo. Nilichomwomba ni kimoja tu: akiitaja mbele ya wenzake, aseme inatafuta kwa jina.