Mwanasaikolojia tiba anafanya kazi gani hasa?

Wengi wetu huku Moshi na Arusha tukisikia "mwanasaikolojia" tunafikiria ama daktari wa vichaa, ama mtu wa kutoa nasaha kama mchungaji au shangazi. Wote wana kazi yao, ila mwanasaikolojia tiba ni mwingine.

Daktari wa magonjwa ya akili kasomea udaktari kwanza, ndiyo maana anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba kasomea saikolojia hadi ngazi ya uzamili au zaidi, na kafanya mazoezi na wagonjwa chini ya usimamizi. Dawa haandiki. Anatibu kwa mazungumzo na kwa mazoezi, na haya ya pili ndiyo watu hawayajui.

Chukua konda wa Hiace aliyenusurika ajali njia ya Arusha. Mguu umepona, lakini mwezi wa tatu huu hapandi gari, usiku anaota vioo vikipasuka. Nyumbani wanamwambia, "Jikaze, wewe mwanaume." Ushauri wa aina hiyo ameshaupata wa kutosha. Mwanasaikolojia anamuuliza swali: ukiikaribia Hiace, wazo gani linakujia? "Nikipanda tu, inapinduka." Na tangu ajali umepanda mara ngapi ukaona? "Sijapanda hata mara moja." Kila akikwepa anapata ahueni ya muda mfupi, na akili inajifunza kwamba amesalimika kwa sababu hakupanda. Hofu inazidi kunenepa hapo.

Basi wanapanga ngazi pamoja, kila hatua ikipewa alama za hofu kuanzia 0 hadi 100. Kukaa kwenye Hiace iliyozimwa pale stendi ya Moshi, 30. Kwenda Kiboriloni, hapo hapo Moshi, na kurudi, 50. Boma Ng'ombe, njiani kuelekea Arusha, 70. Arusha, kiti cha mbele, 95. Anaanza na ya chini na kuirudia siku kadhaa, na moyo ukianza kwenda mbio hashuki. Anabaki kitini aone kama alichotabiri kinatokea. Wanakutana mara moja kwa wiki, kama dakika 50, lakini kazi kubwa anaifanya mwenyewe barabarani kati ya kikao na kikao.

Ngazi hii ina asili Afrika. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alitibu askari walioathiriwa na Vita Kuu ya Pili, akaona mazungumzo na dawa havitoshi. Yeye alimfundisha mgonjwa kulegeza misuli kwanza. Siku hizi wengi wanairuka hatua hiyo. Lile swali la wazo linalokujia limetoka kwa Aaron Beck, aliyeanza kulitumia kwa wagonjwa wa sonona huko Philadelphia miaka ya 1960.

Hakuna anayemwahidi konda kwamba ajali haitatokea tena. Kumwogopa dereva anayeovateki kwenye kona ni akili timamu, na mtaalamu mzuri hataigusa hofu hiyo.

Kinachowazuia wengi kwenda, naona mimi, ni mji kuwa mdogo: utaonekana kliniki na habari zitafika nyumbani kabla yako. Yanayosemwa ndani ya kikao ni siri. Mtaalamu anaweza kuivunja hasa pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, na anapaswa kukueleza hivyo siku ya kwanza. Asipokueleza, muulize.